Tulinawa kwa Ajili ya Nani?

Mlangoni pa makanisa mengi ya nchi yetu ingali imesimama ndoo ya plastiki yenye koki, juu ya kigoda cha mbao au stendi ya chuma. Mahali pengine ni kibuyu chirizi, yaani kile kidumu kilichotundikwa kwa kamba, kinachoinama na kumwaga maji mtu akanyagapo kijiti. Vyombo hivyo viliwekwa hapo mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia kwetu. Leo vingi ni vikavu. Buibui amejenga ndani yake, na kipande cha sabuni kilikwisha zamani. Hatuandiki haya ili kumkaripia mtunza kanisa, ambaye ana kazi nyingi na ujira mdogo. Twapenda kuuliza jambo jingine, ambalo kwa maoni yetu lahusu dhamiri ya kila mkristu: siku zile tulipokuwa tukinawa mara kumi kwa siku, je, tulinawa kwa ajili ya nani?

Yafaa kwanza tukumbuke siku zenyewe zilivyokuwa, kwa maana binadamu ni mwepesi wa kusahau hofu yake. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba ugonjwa huo umekwisha enea ulimwenguni. Siku mbili baadaye mgonjwa wa kwanza alitangazwa nchini Kenya, na tarehe 16 Machi akatangazwa wa kwanza nchini Tanzania. Kesho yake shule zikaanza kufungwa. Ilikuwa Kwaresima, na kwa kweli ilikuwa Kwaresima kuliko nyingine zote tulizopata kuziona.

Baba akitoka kazini alivua viatu nje, na watoto waliozoea kumrukia walizuiwa mlangoni mpaka aoge. Mama akirudi sokoni aliosha nyanya, akaosha na mfuko wa nyanya. Wengine walipangusa noti kwa spiriti, noti moja moja, kama mtu apangusaye picha ya marehemu. Malimao na tangawizi vilinunuliwa kwa pupa, na nyumba zikanuka mvuke wa majani ya kujifukiza. Mjukuu hakujua tena jinsi ya kumwamkia bibi yake: shikamoo ya kinywa ilibaki, lakini mkono ulirudi nyuma, na bibi akabaki ameunyosha wa kwake hewani. Vijana walisalimiana kwa viwiko na kwa nyayo, wakicheka. Lakini kilikuwa kicheko cha wasiwasi. Katika parokia nyingi chombo cha maji ya baraka kilikaushwa, amani ikatolewa kwa kuinamisha kichwa, na mtu aliyepaliwa na mate wakati wa mahubiri aliona benchi zima likisogea mbali naye.

Katika mashaka hayo zilisikika sauti mbili, na zote mbili zilipotoka.

Sauti ya kwanza ilisema ati kunawa, kuvaa barakoa na kukaa mbalimbali kanisani ni upungufu wa imani, kwa kuwa Mungu huwalinda walio wake. Maneno hayo yana sura ya utakatifu, na kwa sababu hiyo yaliwavuta wengi. Lakini tusisahau kwamba mshawishi naye alisema maneno ya sura hiyo hiyo juu ya kinara cha hekalu, alipomtaka Bwana wetu ajitupe chini ili malaika wampokee. Bwana wetu hakujitupa. Alijibu kwamba kufanya hivyo ni kumjaribu Mungu. Na watakatifu walielewa hivyo pia. Tauni ilipoupiga mji wa Milano mwaka 1576, Askofu wake mkuu, Mtakatifu Karoli Borromeo, hakukimbia. Aliwaendea wagonjwa mwenyewe. Lakini watu walipofungiwa majumbani mwao hakuwaita waje kusongamana kanisani ili waionyeshe imani yao. Aliagiza altare zisimamishwe kwenye njia panda, ili waamini waifuate Misa Takatifu kutoka madirishani. Tena wengi wetu twakumbuka jioni ya tarehe 27 Machi 2020, Baba Mtakatifu Fransisko aliposali katika uwanja wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha na uwanja mzima ukiwa mtupu. Nani atathubutu kusema kwamba sala ile ilipungukiwa imani kwa kuwa watu hawakuwapo?

Sauti ya pili haikujifanya takatifu. Ilisema tu: kila mtu na roho yake. Wageni waliitwa »korona« njiani. Aliyetoka mjini kwenda kijijini alipokewa kama mwizi. Wako waliokufa, na ndugu zao wakaogopa hata kulisogelea kaburi. Kuhusu hofu ya namna hii hatutasema mengi, kwa sababu waliokuwa nayo wamekwisha jihukumu wenyewe.

Basi, kati ya sauti hizi mbili, ukweli ulikuwa wapi? Sisi twaona kwamba ulikuwa ndani ya amri ya tano. Tangu utotoni tumefundishwa katika katekismu kwamba amri hii haikatazi kisu na sumu peke yake, bali yatuagiza kuutunza uhai, wetu na wa wenzetu. Na korona ilikuwa na jambo moja lililoifanya amri hii iwe karibu nasi kuliko tulivyozoea: mtu aliweza kuwa nayo asijisikie mgonjwa. Kijana mwenye nguvu, aliyeweza kuupita ugonjwa kama mafua, aliweza kumpelekea babu yake kifo huku akimletea mkate. Kwa hiyo swali halikuwa »je, mimi naogopa?« Lilikuwa »je, mimi ni hatari kwa nani?« Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa. La kwanza hata mnyama wa porini hujiuliza kwa namna yake. La pili ni la dhamiri.

Yuko mtu ambaye maisha yake yaonyesha wazi tofauti hiyo. Daktari Ignaz Semmelweis, mzaliwa wa Hungaria, alifanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna, ambako palikuwa na wodi mbili za akina mama wanaojifungua. Moja ilihudumiwa na madaktari pamoja na wanafunzi wao, nyingine na wakunga. Mwaka 1846, katika wodi ya madaktari, walikufa akina mama kama 11 katika kila 100. Katika ile ya wakunga hawakufika 3. Akina mama walijua habari hizo, wakalia na kuomba wasipelekwe kwa madaktari. Semmelweis aligundua sababu: madaktari walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha, na mikono yao ilibeba mauti. Mwaka 1847 aliwaamuru wanawe kwa maji ya klorini. Mwaka 1848, katika wodi ile ile, vifo vilishuka vikawa zaidi kidogo ya kimoja katika 100.

Mtu angedhani wenzake walimshukuru. La, wengi walichukizwa. Walikuwa waungwana wenye elimu. Wangekubalije kwamba mikono yao wenyewe ndiyo iliyoua? Semmelweis alifariki mwaka 1865, mafundisho yake yakiwa bado hayajapokelewa na walio wengi. Tuangalie vema jambo hili: madaktari wale hawakuwa na hofu yoyote. Homa ile iliwapata akina mama; wao, isipokuwa kwa nadra, ilikuwa haiwagusi. Waliambiwa wanawe kwa ajili ya mtu mwingine tu, na hapo ndipo kunawa kulipowawia vigumu.

Wazee wetu hawakuisoma habari ya Vienna, lakini jambo hili walilijua kwa njia yao. Katika nyumba zetu, kabla ya kula, mtoto au kijana huja na jagi na beseni, akapiga magoti au kuinama, akawamwagia mikononi wageni kwanza, kisha wakubwa. Maji yatiririka, hayachotwi. Kila mmoja hupata maji yake. Na kwa nini? Kwa sababu ugali ni mmoja, na sinia ni moja. Mkono mchafu haumchafulii mwenyewe tu. Unachafua tonge la jirani. Mtu aliyenyosha mkono wake sinianii bila kunawa alihesabiwa kuwa hana adabu. Hakuna aliyemwita mwoga aliyenawa. Twasikitika kuona kwamba katika karamu nyingi za siku hizi jagi limeondoka, likaja beseni moja ambalo watu ishirini huchovya vidole, wa mwisho akinawa uchafu wa kumi na tisa.

Sasa twafika mahali panapouma. Wataalamu, kadiri walivyozidi kuuchunguza ugonjwa wa korona, walithibitisha kwamba huenea zaidi kwa pumzi kuliko kwa mikono. Kunawa kulisaidia, na ni vema tulinawa; lakini spiriti ile tuliyopangusia noti haikuwa na kazi kubwa. Yako, kinyume chake, magonjwa ambayo kweli husafiri kwa mikono na kwa maji machafu, nayo hayakuja kwa ndege mwaka 2020. Yalikuwapo hapa kabla yetu. Ni kuhara kwa watoto wachanga. Ni homa ya matumbo. Ni kipindupindu, ambacho kilizuka Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea katika mikoa mingi kwa muda wa miaka kadhaa. Kuhara hakuhitaji kutangazwa na mtu. Hata leo ni miongoni mwa magonjwa yanayowaua zaidi watoto wa chini ya miaka mitano duniani.

Kwa hiyo tazameni tulivyofanya. Juu ya ugonjwa usiopenda sana kupita mikononi, tulinawa mpaka ngozi ikachubuka. Juu ya magonjwa yapitayo mikononi hasa, tumeacha ndoo zikauke. Tofauti iko wapi? Twaogopa kulitaja jibu, lakini ni lazima litajwe. Korona iliwapata wenye magari na wenye vyeo. Ilimpata mkubwa ofisini na padri nyumbani kwake. Kipindupindu humpata zaidi yule akaaye bondeni penye vyoo vinavyofurika, na kuhara humwua mtoto wa mwanamke ambaye jina lake halijulikani nje ya kitongoji chake. Hofu yetu ilipokwisha, kunawa kulikwisha pia. Mwezi Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipotokea mkoani Kagera, watu walihimizwa upya kunawa. Hofu iliporudi, ndoo nazo zilikumbukwa. Kama tungalinawa kwa ajili ya jirani tungalikuwa tunanawa mpaka leo, kwa maana jirani yungali hapa na hatari yake ingali ile ile.

Atasema mtu: maneno mazuri, Padri, lakini maji yako wapi? Swali hili ni la haki, na hatutaki kulipita haraka. Mama anayebeba ndoo kichwani kutoka mtoni, au anayenunua dumu moja mjini kwa fedha aliyoitenga kwa unga, hupima kila kikombe. Tukimwambia kwamba amekosa mbele ya Mungu kwa kuwa mwanawe hakunawa kwa maji tiririka, tutakuwa tumemtwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuugusi kwa kidole. Hakuna awajibikaye kwa jambo asiloliweza. Ndivyo tulivyofundishwa seminarini, na ndivyo ilivyo. Lakini wajibu haupotei kwa kuwa mmoja hauwezi. Wahamia kwa yule awezaye. Parokia yenye tangi la maji ya mvua, familia yenye bomba uani, mwenye hoteli, mwenye shule, diwani anayepitisha bajeti: hao hawawezi kusema kwamba maji hayapo. Mama lishe anayewahudumia watu mia kwa siku akiwa na beseni moja hana haja ya hotuba ya usafi. Ana haja ya koki karibu na banda lake, na wateja wake wangeweza kuichangia kwa siku tatu.

Twataka pia kuwafikiria wale ambao hofu ya mwaka 2020 haijawatoka. Wako wanaonawa bado na bado, wasioweza kushika kitasa cha mlango, wanaoogopa kumbusu mtoto wao. Tusiwacheke. Bwana wetu hakusema kwamba uchafu wa mikono humtia mtu unajisi. Aliwakemea wale walioosha vikombe na mikono huku wakiisahau mioyo yao. Mtu akiisha nawa kwa sabuni kwa kadiri ya sekunde ishirini, amekwisha timiza. Linalozidi hapo si wema wala si dhambi, mara nyingi ni ugonjwa, na afaaye kumsaidia ni daktari mpole, pamoja na padri atakayemkataza kuungama jambo hilo kila juma.

Kwa halmashauri za walei twatoa pendekezo dogo. Shule nyingi za msingi zinazopakana na makanisa yetu zina vyoo lakini hazina mahali pa kunawa karibu na vyoo hivyo, na watoto hutoka humo kwenda moja kwa moja kupokea uji. Ndoo zilizokauka mlangoni pa kanisa zaweza kupelekwa huko Jumatatu asubuhi. Zahitaji koki mpya, sabuni ya mche iliyokatwa vipande, na mtu mmoja wa kila jumuiya atakayekubali zamu ya kuzijaza kabla ya saa nne, saa ya uji.