Kimya cha Kompyuta

Mwaka jana mjukuu wangu aishiye Mikumi alinipa kompyuta yake kuukuu ya kukunja. Ndani yake alikuwa ameweka mfumo uitwao Ubuntu, ambao hauuzwi wala haufichi siri zake; mtu ye yote ana ruhusa ya kuufungua, kuutazama na kuurekebisha. Jina lenyewe lilinivutia. Ni neno la ndugu zetu wa kusini, na halina tofauti na utu wetu. Nikarudi nayo Kilosa kwa basi, kupitia Ulaya (Ulaya yetu hii, si ile ya Wazungu), nikiwa na furaha ya mtoto.

Jioni nikafungua hotuba ya Mwalimu Nyerere. Picha ikatokea, midomo ikacheza, sauti hakuna. Nikampigia simu mjukuu: kifaa chako kibovu.

“Babu, tusikihukumu. Tukiulize kwanza.”

Tukaanza. Je, mfumo unaitambua kadi ya sauti? Unaitambua. Je, sauti inaelekezwa wapi? Kumbe ilikuwa inapelekwa kwenye tundu la waya wa televisheni, na televisheni haikuwapo. Nikaielekeza kwenye spika. Bado kimya. Kesho yake akaniambia nifungue lile dirisha la kuandikia amri, niandike alsamixer. Zikajipanga nguzo za vipimo, na chini ya nguzo moja palikuwa na herufi MM, yaani imefungwa. Nikabonyeza M. Sauti ya Mwalimu ikajaa chumbani.

Siku mbili nzima za subira, kwa ajili ya chombo! Usiku ule sikulala vizuri.

Miaka ya 1980, nikiwa mwalimu mkuu, tulikuwa na mtoto wa darasa la nne asiyejibu maswali. Nilimwita mkaidi. Nilimchapa mara tatu kwa kosa la kunyamaza. Mwaka ulipokwisha ndipo mama yake akaja kunieleza kwamba sikio lake la kulia lilikufa alipougua surua. Nami nilikuwa nimemketisha kwenye dawati la ukutani, sikio lake zima likitazama ukuta.

Je, asiyejua ana hatia? Wapo watakaonitetea kwamba sikujua, na kwamba zama zile fimbo ilikuwa desturi. Utetezi huo naukataa. Chuoni tulifundishwa saikolojia ya mtoto, na mtihani wake niliufaulu. Sikukosa elimu, sikuuliza tu, na kuuliza hakukuwa na gharama. Nilikwisha kupata jibu langu kabla ya swali.

Mtoto yule sasa ni mtu mzima, ana duka Mikumi. Kila nipitapo husimama: “Shikamoo, mwalimu.” Nami huitikia marahaba, nikaenda zangu. Mwezi ujao nitakwenda tena kwa mjukuu. Nitaingia dukani, nisimame upande wake wa kushoto, nimwambie.