Moto wa Makaa wa Pili

Usiku ule Petro aliota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu, akamkana Yesu mara tatu (Yohana 18). Baada ya kufufuka, Yesu alimngoja ufuoni kando ya makaa mengine, samaki na mkate tayari (Yohana 21). Hakumuuliza mbona alimkana. Alimuuliza mara tatu kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo wake.

Wewe uliyeacha kwaya kwa sababu ya yale yaliyotokea, unayekaa kiti cha nyuma ukiogopa watu watasema nini: Yesu anayajua yote, na bado ana kazi yako. Dhambi itubu, uiache. Lakini utumishi aliokurudishia, usiukatae. Jumapili hii, njoo mbele. Amina.