Je, ushindi wa mpira unanunulika kwa fedha?

Tarehe 25 Mei, 2025, Simba ilitoka sare ya 1-1 na RS Berkane ya Morocco katika uwanja wa Amaan. Kwa kuwa ilikwishafungwa 2-0 ugenini, Kombe la Shirikisho Afrika likaondoka Unguja mbele ya macho yetu. Siku zile mabarazani kwetu, Jozani na Kitogani, mjadala ulikuwa mmoja: je, ushindi unanunulika?

Wanaosema unanunulika wana hoja. Mwaka 2017 Mohammed Dewji alijitokeza kununua asilimia 49 ya hisa za Simba kwa shilingi bilioni 20, na klabu hiyo ikatwaa ubingwa wa Bara mara nne mfululizo kuanzia msimu wa 2017/18. Kisha Yanga, ikiwa na fedha za kampuni ya GSM, ikatwaa mara nne mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25.

Lakini hebu tuitazame Azam. Ni klabu ya tajiri, ina uwanja wake Chamazi, wala haisifiki kwa njaa. Hata hivyo, hadi msimu wa 2024/25 ilikuwa imepata ubingwa mara moja tu, 2013/14. Mwaka 2023 ilimchukua Mzanzibari mwenzetu, Feisal Salum, kutoka Yanga. Msimu uliofuata akaifungia mabao 19 katika ligi, na ubingwa ukabaki Yanga. Huko Ufaransa, PSG ya Waqatari ilikuwa na Messi, Neymar na Mbappé kwa pamoja, isiupate ubingwa wa Ulaya. Iliupata mwaka 2025, wote watatu wakiwa wameondoka, kwa vijana waliocheza kama timu. Nao pia hawakupatikana bure.

Ndugu msomaji, tunachojifunza ni kuwa fedha ni sababu, si matokeo. Uislamu haukatai sababu: Mtume (S.A.W.) alimfundisha bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Allah. Lakini Qur'an Tukufu, katika Surat Tawba, inatukumbusha siku ya Hunayn, pale Waislamu walipofurahishwa na wingi wao, na wingi ule usiwafae kitu. Waliorejesha ushindi ni wale waliosimama imara na Mtume. Fedha hukufikisha mlangoni. Ukikuta mwenzako naye anazo, kama ilivyokuwa kwa Simba na Berkane, yanayoamua ni subira, nidhamu, mipango na kadari ya Mola.

Kwa hiyo swali la kama fedha inanunua ushindi ni jepesi. Zito ni hili: fedha yenyewe ni ya nani?

Mwaka 2017 Simba na Yanga zote mbili ziliingia mkataba na SportPesa, kampuni ya kubahatisha. Mwaka 2022 Simba ikahamia kwa M-Bet, kampuni ya aina hiyo hiyo. Kampuni hizi hazilimi wala hazivui. Mapato yao hutokana na wanaoshindwa, na wanaoshindwa ni dereva wa bodaboda, mvuvi wa Chwaka, na kijana anayeweka mkeka kwa simu ya mama yake. Allah (S.W.) katika Surat Maida ameitaja kamari pamoja na ulevi, akaiita uchafu katika kazi za shetani. Sisi tumeiandika kifuani, na jezi ile ile tunaingia nayo msikitini kuswali.

Atasema mtu: bila fedha zile timu zetu zitakufa, na vijana watakosa ajira. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwani klabu zina mishahara ya kulipa. Lakini Aya za Qur'an zimekiri kuwa pombe na kamari zina manufaa kwa watu, kisha zikasema madhara yake ni makubwa zaidi. Manufaa peke yake hayahalalishi kitu. Na wafanyabiashara wa unga, sabuni na vinywaji wapo. Waislamu wenye uwezo miongoni mwao wameiacha nafasi hiyo wazi, wakaichukua wengine.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mja ataulizwa kuhusu mali yake maswali mawili: aliichuma wapi, na aliitumia katika nini. Viongozi wa klabu wana jibu la swali la pili, kwani makombe yapo kabatini. Tuwaulize, nasi wazazi na washabiki tujiulize, kuhusu lile la kwanza.

Wallahu a'lam.