Gari Dogo na Swali la Mfano

Bodi ya gari dogo la mfano inayoundwa kwa mkono, kipande kwa kipande, huamsha swali la kale la falsafa: mfano wa kitu ni ukweli au ni uongo? Katika mazungumzo yake yaitwayo Sofisti, mwanafalsafa Plato alitenganisha aina mbili za kuiga. Moja hufuata vipimo vya kitu chenyewe. Nyingine huvipotosha ili jicho lione sawa, kama wafanyavyo wachongaji wa sanamu ndefu, wanaokuza sehemu za juu zisionekane ndogo kwa aliye chini. Hii ya pili aliitilia shaka.

Fundi wa magari madogo hawezi kuikwepa aina hiyo ya pili. Bati la gari halisi huwa na unene wa takriban milimita 0.8. Kwa kipimo cha 1:24 lingekuwa milimita 0.03, wembamba usioweza kujisimamia. Kwa hiyo hukata plastiki ya milimita 0.5, ambayo kwenye gari halisi ingekuwa bati la milimita 12. Kisha hupiga msasa ukingo wa madigadi peke yake, pale jicho linapofika, na kwa ndani huuacha mnene. Kipimo kimevunjwa kwa makusudi, na ni kwa kuvunjwa huko gari linatambulika. Shaka ya Plato hapa inazidi kiasi: anayepotosha ili kitu kijulikane hamdanganyi mtu.

Hoja hiyo huonekana wazi zaidi katika magari ya waya ya watoto wa Afrika Mashariki. Tuchukue Gitambi: sekta hii ya wilaya ya Rusizi kusini-magharibi mwa Rwanda imo katika ukanda wa bonde la Bugarama, penye mashamba ya mpunga na kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Lori la mizigo si kitu kigeni huko. Katika gari la waya linaloiga lori kama hilo, waya hukunjwa kuwa fremu ya kabini, bati la kopo hufunika boneti, na soli ya kandambili hukatwa magurudumu. Usukani hufungwa kwenye fimbo ndefu, na mara nyingi huwa mkubwa kuliko kabini nzima. Kwa rula hilo ni kosa. Lakini dereva anasimama nyuma ya gari lake na lazima akate kona, na usukani ndio unaogeuza magurudumu ya mbele. Umbo limeachiwa nafasi ndogo, kazi ya lori ikahifadhiwa.

Dini nazo zimeuliza kama anayeunda mfano anashindana na Muumba. Katika Uislamu, imepokewa kwamba Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alimruhusu mchora picha kuchora miti na vitu visivyo na roho. Gari halina roho, na tangu mwanzo ni kazi ya mikono ya binadamu.

Mfano basi ni kitu gani? Padri Alexis Kagame, mwanafalsafa wa Rwanda, aligawa vyote vilivyopo katika mafungu manne katika kitabu chake cha 1956: umuntu (mtu), ikintu (kitu), ahantu (mahali na wakati) na ukuntu. Ukuntu hukusanya namna za kuwa: sifa, kiasi, uhusiano, hata kutenda. Kwa mgawanyo huu, waya na bati ni ikintu kingine kabisa, si lori lililopungua. Kinachohama kutoka barabarani ni ukuntu, nao hauhami wote: fundi wa plastiki huchagua sura, mtoto wa gari la waya huchagua mwendo.