Waache Wacheze, Mwanangu

Keti, mwanangu, chai ipo. Nimesikia umepangiwa darasa la awali na moyo umekushuka. Ulitaka la saba, ambako mwalimu husifiwa matokeo yakitoka. Nakuelewa. Shule nyingi, mwalimu akikosa pa kuwekwa hupelekwa awali, na jambo hilo limeniuma miaka yote. Mtoto anayeanza ndiye anayemhitaji mwalimu hodari kuliko wote.

Tangu Sera ya Elimu ya 2014, hapa Tanzania mwaka mmoja wa awali ni lazima. Ada zilipofutwa 2016, watoto wakamiminika. Mwongozo unataka watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Wewe huenda ukawakuta mia, wengine sakafuni, wengine wanasinzia kwa njaa. Hukuyaleta wewe hayo. Lakini mtoto wa miaka mitano haijui bajeti, anakujua wewe.

Mimi nilianza kwa pupa. Wazazi walitaka kuona madaftari yamejaa, nami nikataka kuwapendeza. Niliandika namba ubaoni, darasa zima likaziimba, nikaridhika. Palikuwa na binti mmoja aliyeimba moja mpaka ishirini bila kukwama. Siku moja nikamwekea punje za mahindi mkekani, nikamwambia, "Nipe tano." Akazikusanya zote, akanijazia kiganja, akanitazama usoni aone kama nimefurahi. Wimbo aliujua. Tano hakuijua. Na muda wote ule sikuwahi kumuuliza kitu yeye peke yake.

Kwa hiyo usiwakimbize. Kusanya vizibo vya soda, vifuu, makombe, mbegu za ukwaju. Mtoto akiweka vizibo vyekundu huku na vya kijani kule, tayari yumo kwenye hesabu. Chuchumaa karibu naye, umuulize, "Mbona hiki umekiweka hapa?" Kisha nyamaza. Hapo ndipo pagumu, mwanangu, kunyamaza. Ulimi utakuwasha umjibie. Mwache alitafute neno, hasa kama kwao wanasema Kisambaa na Kiswahili amekikuta shuleni.

Sikuyazua mimi haya. Mombasa, miaka ya 1980, Bi Swafiya Said alikaa na wazazi wa Kiislamu waliotaka watoto wao washike dini na pia wasiachwe nyuma shuleni. Ndipo zikazaliwa chekechea za Madrasa, baadaye zikafika Zanzibar na Uganda. Zana zilikuwa hizihizi za kuokota. Ninachokipenda zaidi ni kwamba mwalimu hakupewa semina kisha akaachwa. Mkufunzi alimfuata darasani, akatazama, na baadaye wakakaa wakazungumza. Wazazi nao walikuwa na kamati yao, shule wakaiona yao. Watafiti walipowapima watoto, wa Madrasa walikuwa wamepiga hatua zaidi kuliko wa chekechea nyingine, na kuliko waliobaki nyumbani.

Nawe usifundishe peke yako ukidhani ndiyo ushujaa. Muombe mwalimu wa la kwanza aje akutazame hata nusu saa, naye umtazame. Ukiwa na watoto mia, wagawe: nusu wabaki nawe, nusu wakae chini ya mwembe na bibi wa jirani awatolee hadithi. Mabibi wapo, hawajaitwa tu. Suala la uji lipeleke kwenye mkutano wa kijiji, na usichoke mkutano wa kwanza ukivunjika bila jibu. Kwetu uji ulichukua muda mrefu kupatikana, na mahindi yalichangwa na wazazi wenyewe.

Iko siku mzazi atakuja amekunja uso, "Mwanangu anacheza tu, daftari jeupe." Usibishane naye mlangoni. Mkaribishe ndani, mkalishe mkekani karibu na mwanawe, umwambie mtoto amweleze mama yake anachokipanga. Wengine wataelewa palepale. Wengine watamhamisha mtoto. Usiwanunie, mwanangu, na wakimrudisha katikati ya mwaka, mpokee mtoto kwa jina lake.