Mshindani wa Ridhaa

Baiskeli ilitengenezwa ili imchukue mtu. Katika nchi za Afrika Mashariki kazi yake ni wazi: humchukua mwenyewe, na nyuma yake humchukulia mkungu wa ndizi, gunia la mkaa, au mgonjwa apelekwaye zahanati. Mtu aliyeizoea baiskeli ya namna hiyo akiambiwa kuwa zipo nchi ambako watu wazima wenye akili timamu hujitwika baiskeli begani na kupanda nayo kilima cha tope, na kwamba hulipa ada ili waruhusiwe kufanya hivyo, yamkini atacheka. Kicheko chake kitakuwa cha haki. Lakini nyuma ya kicheko hicho lipo swali lisilostahili kuchekwa: jitihada isiyo na tuzo, isiyo na sifa, na isiyomletea mtu chakula, ina thamani gani?

Mchezo wenyewe huitwa saiklokrosi. Huchezwa zaidi Ulaya na Marekani, toka majira ya kupukutika kwa majani hata katikati ya baridi, wakati ambapo ardhi imelowa na jua ni haba. Njia yake ni mzunguko wa kilomita mbili au tatu hivi, uliopitishwa katika bustani ya mji, shamba au msitu, na kuonyeshwa kwa utepe uliofungwa juu ya vigingi. Ndani yake mna majani, mchanga, tope na miteremko, tena mna mbao zilizosimamishwa kwa kimo kisichozidi sentimita 40, ambazo huwalazimisha wengi washuke, wazivuke kwa miguu huku baiskeli zi mikononi, kisha wapande tena bila ya kusimama. Mashindano hayapimwi kwa masafa bali kwa muda: dakika 30 au 40 kwa wanaoanza, na muda wa saa moja hivi kwa mabingwa wanaume.

Habari za asili yake humtaja askari Mfaransa, Daniel Gousseau, anayesifiwa kuwa ndiye aliyeandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Ufaransa mwaka 1902. Octave Lapize, aliyeshinda mbio kuu za kuizunguka Ufaransa mwaka 1910, alikuwa bingwa wa Ufaransa wa saiklokrosi mwaka 1907. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanywa Paris mwaka 1950, na mshindi akawa Jean Robic, ambaye naye alikuwa ameshinda mbio za kuizunguka Ufaransa mwaka 1947. Wanawake walisubiri hata mwaka 2000 ndipo wakapata mashindano ya dunia yao wenyewe. Majina hayo ya mabingwa ni makubwa, lakini mchezo hausimami juu ya majina makubwa. Husimama juu ya majina mengi madogo ya walimu, mafundi, wauguzi na makarani, ambao hushindana Jumapili na Jumatatu hurudi kazini.

Na achukuliwe kwa mfano karani mmoja wa mji wowote wa kaskazini ya Uingereza. Ana umri wa miaka 41, mke, watoto wawili na deni la nyumba. Toka Jumatatu hata Ijumaa saa za mchana wake ni mali ya mwajiri. Basi huamka alfajiri akafanya mazoezi gizani kwa taa, mvua ikimpiga usoni, ili arudi kabla watoto hawajaamka. Usiku, nyumba ikisha kulala, husafisha mnyororo na kuutia mafuta. Jumapili husimama katika mstari wa sita, miongoni mwa watu 60. Filimbi ikilia, wote hukimbilia kona moja nyembamba kama maji yatafutayo mdomo wa chupa. Halafu maumivu huanza: kifua huwaka, vidole hufa ganzi, na tope hushika magurudumu hata baiskeli ikazidi uzito. Katika mzunguko wa nne aliye mbele ya wote humpita, na kwa desturi ya mashindano mengi ya mtaani, mtu aliyepitwa hivyo humaliza kwa mizunguko pungufu. Jina lake huandikwa la 34. Hapana gazeti litakalolichapa.

Mpinzani wa kwanza husema kuwa huu ni upumbavu ulionunuliwa kwa fedha. Maumivu ni kitu ambacho mwenye busara hukikimbia. Mchukuzi hubeba mzigo kwa sababu ana njaa, na mgonjwa hunywa dawa chungu kwa sababu anataka kupona. Lakini mtu huyu hana njaa wala ugonjwa. Hoja hiyo ina nguvu, ila imesahau jambo moja. Lugha kadhaa za Ulaya humwita mchezaji asiyelipwa kwa neno lenye asili ya Kilatini, ambalo maana yake ni mwenye kupenda. Kiswahili kimechagua neno jingine: humwita mchezaji wa ridhaa. Mapenzi huweza kumshika mtu bila ya kumuuliza. Ridhaa haiji isipokuwa mtu ameulizwa naye akakubali. Mzigo wa mchukuzi na mzigo wa mshindani huweza kulingana kwa ratili, lakini haulingani moyoni, kwa kuwa mmoja umewekwa begani na haja, na wa pili umewekwa na hiari. Siku tano katika saba karani hutenda alilotakiwa na mwingine, kwa namna aliyotakiwa na kwa muda aliotakiwa. Hilo si aibu, maana ndilo lilishalo nyumba yake. Lakini mtu ambaye kila kitendo chake kimenunuliwa hana mahali pa kujua kama angaliweza kutenda jambo zito bila ya kununuliwa. Dakika 40 za tope humpa mahali hapo.

Mpinzani wa pili huuliza: kama hawezi kushinda, kwa nini aitwe mshindani? Methali imekwisha jibu: asiyekubali kushindwa si mshindani. Aghalabu methali hii hutumiwa kumliwaza aliyeshindwa, lakini maana yake ni kali kuliko liwazo. Haisemi kuwa kushindwa ni kuzuri; husema kuwa kukubali kushindwa ni sharti la kuingia uwanjani. Mtu wa 34 hukutana na sharti hilo kila juma. Mbele yake yupo wa 33 na nyuma yake wa 35, na vita vya watatu hao ni vya kweli kama vita vya walio mbele. Na ipo dakika moja, karibu na mzunguko wa mwisho, ambapo angeweza kulegeza mguu kidogo. Wa nyuma yake angefurahi, mkewe asingejua, na karatasi ya matokeo ingesema 35 badala ya 34, tofauti isiyo na maana kwa mtu yeyote duniani. Anapokaza mwendo wakati huo hakazi kwa ajili ya tuzo, maana haipo, wala kwa ajili ya sifa, maana hapana atazamaye. Hukaza kwa sababu aliahidi, na aliyeahidiwa ni nafsi yake. Ahadi isiyo na shahidi ni ngumu kuliko ahadi zote, na ni mahali pachache katika maisha ya kila siku ambapo mtu huweza kuipima kwa uwazi kama hapo.

Ingeweza kudhaniwa kuwa penye tuzo ndogo hapana udanganyifu. Sivyo. Wapo wakatao kona kwa kupita ndani ya utepe mahali pasipo mwamuzi. Katika Marekani, ambako washindani hugawanywa kwa madaraja ya uwezo, wapo wabakio kwa makusudi katika daraja la chini ili wawashinde walio dhaifu kuliko wao. Na mwaka 2016 huko Heusden-Zolder, Ubelgiji, katika mashindano ya dunia, mota ndogo iligunduliwa imefichwa ndani ya baiskeli ya mshindani mmoja kijana, na adhabu iliyotolewa ilikuwa kufungiwa miaka 6. Katika tukio hilo palikuwa na ubingwa wa dunia wa kutamaniwa. Lakini abakiaye daraja la chini hutamani nini? Makofi ya watu wachache na kusimama kwa dakika moja juu ya sanduku la mbao. Basi tuzo siyo mzizi wa udanganyifu. Mzizi wake ni hamu ya kuonekana kuwa mtu ambaye mwenyewe anajua kuwa siye. Mwenye hamu hiyo hajaridhia mashindano. Ameridhia ushindi tu, na hivyo ni vitu viwili.

Mpinzani wa tatu ndiye mzito, na hoja yake haijibiwi kwa maneno mazuri. Husema hivi: saa za alfajiri, fedha za magurudumu na Jumapili nzima si mali ya karani peke yake. Mkewe husimama pembeni mwa uwanja, mtoto mmoja mkononi na koti la mumewe begani, katika baridi ambayo yeye hakuichagua. Kama mshindani ni muuguzi, uchovu wake wa Jumatatu huwaangukia wagonjwa ambao hawakuingia mashindano yoyote. Mshika mbili, moja humponyoka. Na aghalabu limponyokalo ni lile lisiloweza kupiga kelele. Aliye mkali kwa nafsi yake katika tope huweza kuwa mlegevu nyumbani, kisha akauita ulegevu huo nidhamu.

Hapa neno ridhaa hugeuka likamhukumu mwenye kulitumia. Kama thamani ya jitihada yake ni kwamba aliulizwa akakubali, basi wale walipao gharama pamoja naye hawana budi kuulizwa vilevile. Ridhaa ya mmoja inayolipwa na watatu ni mkopo uliochukuliwa bila ya wenye mali kujua. Wala kuulizwa si kuarifiwa. Mume amwambiaye mkewe siku ya Ijumaa kuwa ada imekwisha lipwa hakuomba, ametangaza. Kuuliza kwa kweli ni kuuliza huku jibu la hapana likiwa na nafasi. Na kipimo chake huja siku ambayo mtoto ameamka na homa asubuhi ya mashindano, baiskeli iko tayari mlangoni, na mazoezi ya miezi mitatu yamo miguuni. Akiweza kuirudisha baiskeli mahali pake, akakaa kitandani pa mtoto bila ya kuinunia nyumba siku nzima, mchezo wake ni wa ridhaa. Asipoweza, hata kama halipwi senti, amekwisha kuwa mtumwa wa mwajiri wa pili.

Lakini nyumba nayo ina deni lake. Mtu aliyekatazwa kila lisiloleta faida hubaki na thamani moja tu, nayo ni mshahara. Na mshahara ni kitu ambacho mwingine huweza kukikata kwa barua ya mistari mitatu. Watoto wamwonao baba yao akirudi na tope hata masikioni, akishika nafasi ya 34 na kula chakula chake kwa furaha, wamefunzwa jambo ambalo darasa hulifunza kwa shida: kwamba mtu huweza kujitahidi kwa nguvu zake zote, asishinde, na asipungukiwe heshima.

Tena mchezo huu una namna ya kulipa deni. Vigingi na utepe havijipandi vyenyewe. Katika mashindano mengi ya mtaani wanaopanda vigingi asubuhi na kuving'oa jioni ni washindani wenyewe na jamaa zao, wala hawalipwi. Katika Yorkshire, Uingereza, yapo mashindano ya saiklokrosi yapitayo juu ya milima mitatu, Ingleborough, Whernside na Pen-y-ghent, ambako mtu huibeba baiskeli yake kwa sehemu kubwa ya kupanda. Yalifanywa mara ya kwanza mwaka 1961 na mshindi alikuwa John Rawnsley. Mtu huyo hakutosheka na kushinda. Aliyaandaa mashindano hayo kwa miaka mingi ili wengine nao wapate kuchoka juu ya milima ileile. Aliyepokea njia iliyotengenezwa na mikono ya wengine, naye akaitengenezea mikono mingine njia, ameyatoa maumivu yake katika choyo.

Basi thamani ya jitihada isiyo na tuzo haimo katika maumivu, maana maumivu peke yake hayamtukuzi mtu. Imo katika mambo matatu: kwamba aliitaka mwenyewe, kwamba hakuidanganya, na kwamba hakuwalipisha wengine bila ya idhini yao. Likikosekana moja, kicheko cha mtu wa Afrika Mashariki kinabaki kuwa hukumu ya haki. Yakipatikana yote, Jumatatu asubuhi karani hukaa mezani pake, tope jeusi lingali chini ya kucha zake. Mwenziwe wa meza ya pili akimwuliza alishinda au alishindwa, hujibu kuwa alishindwa, na jibu hilo halimchomi, kwa kuwa kila alichokitoa uwanjani kilikuwa chake kukitoa.