Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Methali ya Ukarimu na Bei ya Mlo katika Hoteli za Visiwa vya Quirimbas

Methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ni miongoni mwa methali za Kiswahili zinazofahamika mno na kutafakariwa kidogo, kwa kuwa ufupi wake na uchangamfu wake huwafanya wengi waichukulie kuwa neno la kukaribishia tu, ilhali ndani yake mna hoja nzima kuhusu nani hufaidika na ujio wa nani, na faida hiyo humfikia kwa njia gani. Hoja hiyo hupimwa vizuri zaidi mahali ambapo ukarimu umegeuka biashara, na mahali pamojawapo ni pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kutoka Pemba hadi mdomo wa mto Ruvuma, ambako katika visiwa vya Quirimbas, vikiwemo Ibo, Matemo, Medjumbe na Vamizi, zilijengwa hoteli chache za anasa ambazo mlo wake si wa mfuko wa mvuvi aliyemleta samaki wake mlangoni. Msafiri anayeitazama bei ya mlo ule hujiuliza kama unastahili fedha zile, na kwa kawaida hujibu kwa ulimi wake, yaani kwa utamu, kwa mandhari na kwa unyenyekevu wa mhudumu. Methali hii hulijibu swali hilohilo kwa kutazama upande wa pili wa meza.

Yafaa kuanza na maneno yenyewe. Kitenzi cha kwanza, "njoo", ni amri anayoelekezewa mgeni. Cha pili, "apone", kimo katika hali ya kutakia, nacho hakimsemi mgeni bali mwenyeji, tena katika nafsi ya tatu, kana kwamba mwenyeji mwenyewe hayupo au hawezi kujisemea. Msemaji wa methali, basi, si mgeni wala si mwenyeji, na suala la yeye ni nani lina uzito ambao wafafanuzi wengi huupita. Jambo la pili ni uteuzi wa neno "kupona". Haikusemwa mwenyeji apate, wala ashibe, wala atajirike. Kupona ni kutoka katika ugonjwa au kunusurika katika hatari, na katika umbo la "kuponea" ni kuishi kwa kutegemea kitu fulani, kama asemwavyo mtu kwamba mwaka wa njaa aliponea mihogo. Methali inakiri, pasipo kumwaibisha yeyote, kwamba mwenye nyumba ana upungufu, na kwamba mlango anaoufungua kwa ajili ya mwingine ndio mlango ambao nafuu yake itapitia.

Ufafanuzi uliozoeleka ni wa jikoni. Nyumba iliyokuwa ikila mboga za majani wiki nzima humchinjia mgeni kuku, au humtuma kijana ufukoni kutafuta samaki wa maana, wali ukapikwa kwa nazi, na watu wa nyumbani, hasa watoto, wakaupata mchuzi ambao wasingeupata siku ya kawaida. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini nguvu yake imo katika jambo ambalo halitajwi kwa kuwa zamani halikuhitaji kutajwa, nalo ni kwamba chungu ni kimoja. Mgeni hupewa paja, mtoto hupewa shingo, mwenye nyumba huridhika na mchuzi, ila vyote vimetoka katika chungu kilekile, na kwa sababu hiyo hakuna njia ya kumkirimu mgeni ambayo haiwagusi wenyeji.

Biashara ya kale ya pwani iliupanua utaratibu huo bila kuuvunja. Ibn Battuta, msafiri wa Tanja aliyefika Mogadishu mwaka 1331, ameeleza kwamba meli ilipotia nanga vijana wa mji waliiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mmoja wa wafanyabiashara na kumtangaza kuwa mgeni wake; mfanyabiashara huyo aliposhuka alikwenda nyumbani kwa mwenyeji huyo na si kwa mwingine, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia bidhaa zake na kumnunulia alizozitaka. Hapa chakula kilikuwa ufunguo wa mkataba: mgeni alipata dhamana katika mji asioujua, na mwenyeji alipona kwa faida ya udalali, yaani malipo ya mtu asimamaye kati ya muuzaji na mnunuzi. Ni kosa, kwa hiyo, kudhani kwamba methali inataka ukarimu usiohusiana na fedha. Waswahili walikuwa watu wa bandari, na hesabu waliijua.

Visiwa vya Quirimbas vilijua pia wageni wa namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1520 Wareno waliuvamia na kuuchoma mji wa Waislamu wa kisiwa cha Quirimba kwa sababu ya ushindani wa biashara, na baadaye Ibo, penye ngome ya São João Baptista iliyojengwa mwaka 1791, pakawa bandari ya kusafirishia watumwa. Kisiwa hicho kilikuwa makao makuu ya Cabo Delgado hadi serikali ya kikoloni ilipohamia Porto Amélia, ambao sasa ni mji wa Pemba, na majumba ya mawe yakabaki yakiota mizizi ya mitini kutani. Baadhi ya majumba hayohayo yalikarabatiwa yakawa hoteli, hivi kwamba mgeni wa leo hulia chakula chake cha jioni katika baraza ambamo bwana mkoloni aliwahi kulia chake. Ukumbusho huo haumnyimi mtu haki ya kufurahia mlo, lakini unaonyesha kwamba si kila ajaye huponya.

Hoteli ya anasa huleta mabadiliko ambayo methali haikuyatarajia, kwa kuwa hukigawa chungu kiwe viwili. Mgeni hupikiwa jikoni kwa wageni, na wapishi, wahudumu na mabaharia hupikiwa kwingine, mara nyingi wali na maharage au sima ya unga wa muhogo iitwayo karakata. Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss, katika utafiti wake maarufu kuhusu zawadi uliochapishwa mwaka 1925, alieleza kwamba zawadi huwafunga watu pamoja kwa wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha. Mauzo hufanya kinyume, kwa maana hati ya malipo ikishatiwa saini, mdai na mdaiwa huachana. Kwa hivyo mgeni wa hoteli anaweza kuondoka akiamini, kwa dhati kabisa, kwamba amekwisha kumtendea mwenyeji haki, hali mwenyeji hajui hata kama alikuja.

Tofauti hiyo huonekana wazi mtu akimfuata pweza mmoja tangu mwambani hadi mezani. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na mwamba ukabaki wazi, wanawake huteremka na vijiti vyao vya chuma, wakiinama kutafuta tundu lenye vipande vya magamba ya kaa na chaza mlangoni, kwani pweza hutupa masalio ya chakula chake nje na kwa hayo hujifichua. Kijiti huingizwa, pweza huung'ang'ania mwamba, na mchokoaji humvuta kidogo kidogo asije akamkata mikia. Akitoka hupigwapigwa juu ya jiwe mpaka nyama ilegee, na kazi yote huwa haina budi kwisha kabla maji hayajaanza kujaa. Jioni pweza huyo akifika katika meza ya kisiwani, huwa ni vipande vitano au sita vyembamba kama ukucha, vimepangwa juu ya sahani pana na kunyunyiziwa ndimu na mafuta ya zeituni. Ufundi wa mpishi hapo ni wa kweli, na si haki kuudharau, kwa kuwa kumpika pweza akalainika bila kupoteza utamu wa bahari ni elimu. Hata hivyo, katika bei ya sahani hiyo fungu la mchokoaji ni dogo kuliko fungu la dizeli.

Dizeli imetajwa kwa makusudi. Kisiwa kisicho na umeme wa gridi huwasha jenereta ili barafu isiyeyuke. Maji ya kunywa husafishwa chumvi au huletwa kwa boti. Mvinyo, siagi na nyama ya ng'ombe hutoka mbali, mara nyingi Afrika Kusini, na hupanda ndege ndogo pamoja na wageni. Kwa kuwa bei ya chumba katika hoteli za namna hii aghalabu hujumlisha milo yote, mgeni hafahamu ni kiasi gani analipia samaki na ni kiasi gani analipia umbali. Wachumi wana istilahi ya "uvujaji wa mapato", wakimaanisha sehemu ya fedha za utalii ambayo hutoka nje ya eneo husika kwa kununulia bidhaa za mbali, kulipa mishahara ya wageni na kugawa faida kwa wenye mitaji waishio ng'ambo. Kadiri meza inavyoiga meza za Ulaya, ndivyo chombo kinavyovuja zaidi. Sahani ya matapa, ambayo ndiyo kisamvu cha Wamsumbiji, kilichotwangwa na kupikwa kwa karanga na nazi, pamoja na tafi aliyenaswa kwa dema kwenye majani ya bahari ya Quirimba, na baada yake kikombe cha kahawa inayoota Ibo kwenyewe, huvuja kidogo sana, kwa sababu mlimaji, mtwangaji, mvuvi na mchumaji wote wanaishi mahali sauti ya adhana moja inapofika.

Methali nyingine ya wageni husaidia kuuona mpaka wa jambo hili: "Mgeni hachomi chaza mtaani akanuka." Wengi huifahamu kama onyo kwamba mgeni asianzishe jambo la kuwaudhi wenyeji, lakini mfano wake si wa kubahatisha. Chaza ni chakula halali cha pwani, wala kumchoma si kosa. Kosa limo katika harufu kuwafikia majirani wasioalikwa. Hoteli inaponunua kambakoche, kolekole na pweza wote wakubwa, bei ya ufukoni hupanda, mvuvi mwenye chombo akafurahi, na mama asiye na chombo akarudi nyumbani na dagaa. Harufu ya mlo wa gharama ni pamoja na upungufu unaoachwa nyuma yake, na mwandishi yeyote anayeusifu mlo huo pasipo kuuliza kilichobaki sokoni ameieleza nusu ya sahani.

Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, waasi wenye silaha waliposhambulia mji wa Mocímboa da Praia, katika pwani hiihii, neno "kupona" limerejea katika maana yake ya kwanza na nzito kuliko zote. Kimbunga Kenneth kilipiga tarehe 25 Aprili 2019 na kubomoa sehemu kubwa ya nyumba za Ibo. Mwaka 2020 vita vilifika hadi Vamizi. Na shambulio la mji wa Palma la Machi 2021 liliwafanya maelfu wakimbie kwa miguu na kwa mashua. Wakati huo wageni wa ndege walikoma kuja. Waliokuja walikuwa wageni wengine, walioshushwa na majahazi katika ufuko wa Paquitequete, Pemba, wakiwa na magodoro, masufuria na watoto, na wengi wao hawakupokewa na kambi bali na nyumba za watu ambao nao walikuwa na kidogo. Nyumba ya vyumba viwili ililaza familia tatu, na unga wa wiki ukaliwa siku mbili.

Hapa methali hukabiliwa na mtihani mgumu, kwa sababu mgeni huyo hakuleta kitu na mwenyeji wake hakupona kwa maana yoyote ya hesabu. Wapo wanaoweza kusema kwamba methali imeshindwa. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba inatenganisha wajibu wa aina mbili: mgeni aliyekimbia na roho yake hadaiwi kumponya mtu, ila mgeni aliyekuja kwa hiari, mwenye uwezo, akaketi kwenye mkeka bora wa nyumba, anadaiwa. Deni hilo halifutwi na ukubwa wa hati ya malipo, kwa kuwa mwenyeji anayekusudiwa si mwenye hoteli peke yake. Ni kijiji chenye ufuko, chenye maji na chenye samaki. Sheria ya Msumbiji yenyewe imeukaribia ufahamu huo ilipoagiza asilimia 20 ya mapato ya ada za hifadhi, kama Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas iliyoanzishwa mwaka 2002, irudi kwa jamii zinazoishi humo.

Mlo wa bei kubwa kisiwani, kwa hivyo, waweza kustahili fedha zake zote, na si unafiki kuufurahia, ikiwa mpishi mkuu ni mtoto wa pale aliyefundishwa hadi akashika jiko, ikiwa pweza amelipiwa bei inayompa mchokoaji sababu ya kuliacha tundu la wadogo, na ikiwa mboga, nazi na kahawa zimetoka upande wa pili wa mikoko na si upande wa pili wa bara. Pasipo hayo, utamu wake hubaki kuwa utamu tu, na utamu waweza kupatikana kwa bei nafuu zaidi kwenye kibanda cha sokoni Pemba. Mgeni ana uwezo wa kujua, maana maswali ya namna hii hujibika kwa kumuuliza mhudumu mahali alikozaliwa na mahali samaki alikonunuliwa, na mhudumu wa Ibo akiulizwa kwa Kimwani au kwa Kiswahili, lugha mbili ndugu, hujibu kwa kirefu.

Linasalia suala la nani huyo asemaye "mgeni njoo" huku akimtaja mwenyeji kwa mbali. Si mwenye nyumba, ambaye haya ingemzuia kuukiri upungufu wake mbele ya watu. Aliye na uhuru wa kusema hivyo ni mtoto wa nyumba ile, ambaye anajua kilichomo chunguni siku za kawaida na ndiye wa kwanza kumwona mgeni akija njiani. Katika visiwa vya Quirimbas mtoto huyo husimama ufukoni boti ya hoteli ikipita, akapunga mkono, na mama yake bado yuko mwambani, ameinama juu ya tundu, maji yakianza kujaa.